Mashine kuukuu ya boti: uifufue au uichinje?

Juzi asubuhi, chai hata sijaimaliza, kirikuu ilisimama mbele ya karakana wakashuka ndugu wawili wa Kigombe. Nyuma, juu ya gunia la mkaa, walikuwa wameilaza Yamaha Enduro 40, ya nguvu za farasi 40, ya marehemu baba yao. Kofia imepauka mpaka maandishi hayasomeki, propela imeliwa ncha zote tatu, na kamba ya kuvutia mtu keshaikata. Nadhani iko shingoni mwa mbuzi.

Mkubwa akaniamkia, akasema wanataka ifufuliwe waingie nayo baharini kaskazi hii. Mdogo hakumwacha amalize.

"Fundi, mwambie kaka ukweli. Hii ni ya kuchinja. Tuuze spea, kila mtu ashike chake."

Nikawaambia tuishushe kwanza. Siku hizi swali hilo silijibu mashine ikiwa bado juu ya gari. Zamani nilikuwa najibu, na mara mbili nimejuta sana, mara moja kwa kuchinja na mara moja kwa kufufua. Zote mbili nitazisimulia, maana ndizo zilizonifundisha utaratibu ninaoufuata sasa.

Soma kibati kabla ya kushika spana

Kwenye Yamaha kibati kipo kwenye kibanio, kile kinachong'ata tezi ya boti. Kuna jina la modeli na namba. Ukikuta kimeng'olewa, au namba imepigwa tindo, ishia hapo hapo na mrudishie mwenyewe mzigo wake. Mashine za boti zinaibwa, na fundi anayekutwa na mguu (ile sehemu ya chini yenye gia na propela) wa mashine ya wizi kwenye rafu yake hana la kujitetea. Mimi nataka risiti, au kiongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi na ufukwe, wa kijiji chao anithibitishie kwa simu kwamba mashine anaijua. Wale wa Kigombe walikuwa na risiti ya baba yao, imekunjwa mara nane, ndani ya bahasha moja na cheti cha ndoa. Mzee alijua kutunza.

Kibati kinakwambia ukoo wa mashine, na ukoo ni nusu ya uamuzi. Sababu yake wengi hawaifikirii: mashine ina faida kuchinjwa pale tu ndugu zake bado wako baharini. Nenda Deep Sea pale Tanga boti zinapoingia, utazame kilichofungwa nyuma. Yamaha, Yamaha, Yamaha. Za 15, za 40, mara moja moja ya 8 au ya 60. Kila moja ya hizo ipo siku itagonga mwamba itafute mguu, au itaunguza koili. Kwa hiyo Enduro hata ikifa, haifi yote.

Sasa chinja Johnson ya 1987. Utamuuzia nani? Vipande vitakaa rafuni mpaka watoto wako wavirithi. Johnson na Evinrude zilikuwa za kampuni moja ya Marekani, OMC, iliyofilisika mwaka 2000. Bombardier ya Kanada ikaziokota, jina la Johnson likaja kuachwa, na mwaka 2020 Evinrude nayo ikasimamishwa kabisa. Spea zake kule Marekani bado zinauzwa, ila wewe uko huku, na kila sili utaisubiri kwa wiki. Ndiyo maana mashine isiyo na ndugu ni ngumu pande zote mbili: kuichinja hakulipi, na kuifufua kunategemea vifaa visivyopatikana. Kwa mashine ya namna hiyo nauliza swali moja tu, kama mwenyewe anaitaka kwa mapenzi au kwa riziki. Anayeitaka kwa riziki namshauri aiuze nzima kama ilivyo, kwa bei yoyote, kwa mtu wa mapenzi.

Ukiletewa Johnson au Evinrude na mwenyewe anakuapia ni ya juzi tu, kuna ujanja wa kujua umri wake. Kuanzia modeli za 1980 walificha mwaka ndani ya neno INTRODUCES. Herufi ya kwanza, I, ni 1. N ni 2. T ni 3. R ni 4. O ni 5. D ni 6. U ni 7. C ni 8. E ni 9. S ni 0. Tazama namba ya modeli, chukua herufi mbili zinazotangulia ile ya mwisho. CU ni 87. EN ni 92. Na kibati kikiwa kimepotea, namba huwa imepigwa pia kwenye kizibo kidogo cha duara, kimegongomelewa ubavuni mwa injini yenyewe.

Mariner nayo usiidharau. Nyingi za miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 zilitengenezwa na Yamaha. Ukivua kofia unakutana na vyuma unavyovijua. Hapo namba za spea za Yamaha zinakusaidia. Alama tatu za mwanzo, tarakimu na herufi, zinataja ukoo wa mashine, tarakimu tano za katikati zinataja kifaa. 44352 ni impela, yaani kipanga cha mpira kinachosukuma maji ya kupoza injini, iwe ya mashine ya 8 au ya 40. Mwenye duka akikupa kitu chenye namba nyingine ya katikati akakwambia ni impela, mrudishie.

Seagull ya Mwingereza, ile yenye mguu kama bomba la baiskeli na tangi la shaba, usiichinje kamwe. Ziliundwa kuanzia 1931 hadi 1996, hazina kitu cha kuharibika, na Uingereza kuna wazee wanaozipenda kama wajukuu. Ilimradi usisahau kwamba za zamani zinakunywa mafuta ya sehemu 10 za petroli kwa 1 ya oili. Moshi wake utafukuza mbu kijiji kizima.

Ilikuwa wapi?

Swali la pili kwa mwenyewe: imefanya kazi maji gani? Kuna mashine ya ziwa na mashine ya chumvi. Niliwahi kufungua 40 iliyoletwa kutoka Mwanza, umri wake sawa na wa kijana wangu wa kwanza, na bolti zote zilitoka kama za jana. Ya chumvi ya umri huo, kila bolti ni kesi. Bolti ni ya chuma kisichoshika kutu, nyumba yake ni aluminiamu, chumvi ikikaa katikati viwili hivyo vinaoana, na ukilazimisha kinachokatika ni shingo ya bolti. Mashine ikiwa ya ziwa naipa nafasi moja zaidi. Ikiwa ya bahari nauliza kama mwenyewe alikuwa akiiosha kwa maji baridi kila jioni. Wote wanasema ndiyo. Naangalia zinki, kile kipande kinachowekwa kiliwe na chumvi badala ya mwili wa mashine: kama imelika nusu na imewahi kubadilishwa, ndiyo yake ni ya kweli. Kama ndiyo ile ile ya kiwandani imepakwa rangi juu, huyo ananidanganya.

Ukaguzi usiogharimu shilingi

Vua kofia, toa plagi zote, zungusha flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini, kwa mkono. Ikizunguka, endelea. Ikigoma, usiweke bomba kwenye spana na kuita vijana. Mimina dizeli iliyochanganywa na oili ya gia ya otomatiki kwenye matundu ya plagi, kila silinda vijiko vitatu vinne, uiache siku tatu. Halafu shika nati ya flaiwili kwa spana, sukuma kidogo kidogo kuelekea kulia tu, maana ukienda kushoto utailegeza nati badala ya kuzungusha krenki. Iliyoshikwa na kutu itaachia. Iliyonoki, yaani beringi imesambaratika au konrodi imekatika, itazunguka kidogo na kugota pale pale kila mara, na utasikia mgoto wa chuma kwa chuma. Huo mgoto ukiusikia mara moja hutausahau.

Ya Kigombe iliachia siku ya pili.

Sasa kompresheni, yaani nguvu ya silinda kuminya hewa, na hapa nisimulie juto la kwanza. Miaka mingi nyuma mtu aliniletea Yamaha 15. Nikafunga geji, nikavuta kamba mara tano, ikasoma psi 60. Silinda ya pili, 60 vilevile. Nikamwambia, "Kaka, ringi zimekwisha, silinda zimepanuka, hii chinja." Akakubali, akaniuzia kwa bei ya bure. Nikauza mguu wiki ile ile, kabureta wiki iliyofuata. Siku nilipofungua bloki nimtolee mtu pistoni, nikakaa chini. Ndani ya silinda bado kulikuwa na zile alama za mkwaruzo wa msalaba zinazoachwa na jiwe la kusawazishia. Mashine mbichi kabisa.

Kosa lilikuwa langu. Nilipima mkono wa mafuta ukiwa umefungwa, injini haikupata hewa ya kuminya, na mpira wa geji yangu ulikuwa unavujisha. Silinda mbili zikisoma chini kwa kiwango kile kile, kabla hujaishuku mashine ishuku geji yako. Mashine ikichoka kwa kazi, mara nyingi silinda moja huitangulia nyenzake.

Kwa hiyo pima hivi: plagi zote nje, nyaya za plagi zimegusishwa kwenye mwili wa injini zisiunguze CDI (kile kisanduku cha umeme kinachoongoza cheche), mkono wa mafuta wazi mpaka mwisho, vuta kamba mpaka sindano ikome kupanda. Kwa hizi za viboko viwili, mimi nikiona psi 100 na zaidi natabasamu. Chini ya 90 naanza kuuliza maswali. Kinachonishughulisha zaidi ni tofauti: silinda moja ikizidiwa na mwenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kuna jambo. Hapo mimina kijiko cha oili ndani, pima tena. Ikipanda sana, ni ringi au ukuta wa silinda. Isipopanda, angalia gasketi ya kichwa, au pistoni iliyotoboka.

Ya Kigombe: juu 110, chini 40. Oili haikubadilisha kitu.

Chumvi ndiyo hakimu

Pistoni inanunuliwa. Ringi zinanunuliwa. Silinda ya Enduro imevalishwa chuma ndani, ikichubuka inachongwa kwa fundi wa lezi, unaweka pistoni ya kuzidishwa, 0.25 au 0.50 ya milimita, maisha yanaendelea. Usichoweza kurudisha kirahisi ni nyama ya bloki iliyoliwa na chumvi. Kwa hiyo hata kompresheni ikiwa nzuri, mimi bado nafungua kifuniko cha themostati nione njia za maji. Ukikuta unga mweupe mwepesi, unasafishika. Ukikuta mawe ya chumvi yameziba njia, ujue mashine hii ilikuwa ikikojoa, yaani kutema maji ya kupoza, kwa shida muda mrefu, na silinda ya juu au ya chini imekuwa ikipikwa.

Kichwa kikishatoka, chukua spoki ya baiskeli uliyoinoa, pita nayo taratibu pembezoni mwa silinda, pale gasketi inapolala. Aluminiamu nzima inaikataa spoki. Iliyokufa inaingilika kama jibini, inatoka vumbi la kijivu. Shimo likiwa nje ya mstari wa gasketi, vumilia. Likiwa limevuka kutoka kwenye njia ya maji kuelekea silinda, hapo bloki imekwenda. Watakuambia inachomelewa. Ni kweli inachomelewa, na mimi nimeshachomeleza. Ikipata moto na baridi ya miezi mitatu inafunguka pembeni ya ule mchomo, unaanza upya.

Kwenye ile 40, spoki iliingia milimita nne chini ya silinda ya pili, ikatokea upande wa maji. Pistoni ya chini ilikuwa imelika ukingo, ringi ya juu imekatika vipande viwili. Mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema kitu, alimtazama tu kaka yake.

"Subiri," nikawaambia. "Hatujashuka mguuni."

Mguu ndio wenye pesa

Legeza skrubu ya chini ya gia kwanza, kinga kikopo, kisha ya juu. Tazama kinachotoka. Oili nyeusi lakini safi ni ya mguu mzima. Ikitoka kama chai ya maziwa, maji yameingia. Kwa sili mbili na mchana mmoja wa kazi inapona, ila kama imelala na maji hayo mwaka mzima beringi zitakuwa zimeota vidonda. Chovya sumaku. Unga laini kama wa wanja si neno. Vipande unavyoweza kuvihesabu ni meno ya gia.

Halafu ingiza gia ya mbele, zungusha propela kwa mkono, funga macho. Mguu mzima unateleza. Mbovu unakupa hisia ya kokoto ndani ya mfuko. Ingiza, toa, ingiza, ukiivuta propela: inayoruka gia, klachi yake imepoteza kona.

Kisha jaribu kuutenganisha mguu na mwili wa mashine. Hapa ndipo mashine nyingi za bahari zinapokuumbua. Meno ya shafti yanayoingia kwenye krenki yasipopakwa grisi kila mwaka yanashikana, bolti zote umetoa na mguu hautoki. Ukifikia hapo usipige nyundo kwenye pezi. Litapasuka, na hicho ndicho kitu cha bei kuliko vyote. Tia mafuta ya kupenyeza, pasha moto kwa mbali, gusa kwa nyundo ya mpira kuzunguka maungio, nenda kaswali, rudi. Wa Kigombe ulitoka jaribio la kwanza, kwa mlio laini wa kunyonya, na kwenye meno ya shafti kulikuwa na grisi ya rangi ya bluu. Mkubwa akasema, "Baba alikuwa anaipaka kila mwezi wa Shaabani, akingojea Ramadhani apumzike." Oili ilitoka nyeusi, sumaku ikatoka tupu.

Kwa nini nasema mguu ndio wenye pesa? Kwa sababu pwani yetu ni matumbawe. Maji yakitoka, nahodha mwenye haraka atagonga tu. Bloki hufa polepole, kwa miaka. Mguu unavunjika sekunde moja. Mguu mzima wa Enduro 40 haukai kwangu wiki.

Umeme na kabureta, kwa ufupi

Mashine isiyotoa cheche haijafa. Kabla ya kuilaani CDI, chomoa waya wa swichi ya kuzimia, ile yenye kamba nyekundu ya kufunga mkononi, ujaribu tena. Mara nyingi swichi yenyewe imeingia chumvi na ndiyo inayozima. Ikikataa bado, pima koili kwa mita ukilinganisha na namba za kitabu cha modeli hiyo. Za zamani zenye platini zinataka msasa laini na dakika kumi.

Kabureta hata usiiweke kwenye hesabu. Kabureta chafu ni kabureta inayohitaji kuoshwa.

Daftari

Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika kila kitakachonunuliwa ili mashine ifanye kazi, na ongeza vitu ambavyo watu huvisahau: gasketi zote, impela, plagi, sili, nauli ya lezi, bolti zitakazokatika, na siku zako. Kulia andika vipande vizima na bei utakayouza kweli, nikiwa na maana ya ile mtu aliyokulipa mara ya mwisho, usiandike unayoitamani. Halafu pembeni andika bei ya mashine ya aina hiyo hiyo, mtumba, inayowaka.

Kanuni yangu: upande wa kushoto ukivuka nusu ya bei ya inayowaka, sifufui mashine ya riziki. Nusu nyingine nawaachia ya ghafla, maana mashine kuukuu ukishaitia nguvu mpya juu, udhaifu unahamia chini.

Juto la pili ni hapo. Mama mmoja aliniletea Johnson 25 ya mumewe, akataka iwake kwa ajili ya mwanawe. Nilijua kanuni, lakini ilikuwa mashine nzuri ya kutazama na mimi nilitaka kuisikia. Mpwa wangu aliyeko Muscat akahangaika na spea, tukangoja miezi. Iliwaka. Ililia vizuri, wallahi, hata majirani walitoka nje. Miezi minne baadaye klachi ya gia ikapoteza meno, tukakosa nyingine, na yule mama alikuwa ameshamaliza akiba yake kwangu. Nilimrudishia ujira wangu, spea sikuweza. Kofia ya Johnson ile iko uani kwake hadi leo, kuku anaatamia ndani.

Ukichinja, chinja kwa adabu

Usiuze kipande chochote kikubwa kabla ya daftari kukamilika. Ukishatoa mguu, umeshaamua, hata kama unajiambia bado unafikiri. Piga picha kila hatua, na kila kifaa kiende na bolti zake ndani ya mfuko, na jina la modeli kwa kalamu ya rangi. Mguu uuze mzima. Anayetaka gia moja tu mwambie atafute kwingine, kwa kuwa ukiufungua bei inaanguka. CDI na koili mruhusu mnunuzi azijaribu kwenye mashine yake hapo hapo mbele yako, zikishatoka mlangoni hazirudi. Urefu wa shafti utaje mwanzoni, mfupi inchi 15, mrefu inchi 20, usije ukamsafirisha mtu kutoka Pangani bure. Oili chafu weka dumuni. Nimeshaona fundi anayemwaga kwenye mchanga halafu jioni analalamika samaki wameadimika.

Na kabla ya kuchinja, angalia kama kuna njia ya tatu. Mashine hizi ama zinaoza au zinaozwa. Bloki mbovu yenye mguu mzima, na mguu uliovunjika wenye bloki nzima: ukoo ukiwa mmoja kwenye kibati na shafti ukilingana, unapata moja inayowaka, na mabaki ya kuuza juu yake. Angalia ukoo kweli kweli, kwani 40 ya zamani na 40 ya sasa si vitu vyote vinaingiliana. Mashine iliyooanishwa hivi naichukulia kama mpya: lita 20 za petroli kwa mililita 800 za oili saa kumi za mwanzo, bila kuifungulia mafuta yote, ndipo irudi kwenye mililita 400 zake. Oili iwe ya viboko viwili ya mashine za maji. Ile ya gari ndiyo iliyozika nusu ya mashine zilizopita kwangu.

Pale karakanani, nyuma ya mlango, kuna Enduro 40 nyingine ya mzee mmoja wa Pangani. Iligonga mwamba mwaka jana, mguu umepasuka katikati. Kibati ni cha ukoo ule ule, shafti mrefu kama ya Kigombe, na bloki yake inasoma 115 na 110. Nikampigia simu. Alikuja jana kwa basi la mchana, akawakuta wale ndugu wawili wamekaa kwenye benchi, nikawaagizia chai na maandazi.

Wote watatu wanakubali zioanishwe. Mzee anasema bloki ndiyo mume, kwa hiyo wanaoleta mguu wangoje mahari. Mkubwa hana neno. Mdogo, yule aliyetaka kuchinja, anashikilia kwamba nyumba ni mguu, na anayehamia ndiye anayetoa. Wana mpaka Ijumaa, maana benchi langu nalihitaji.